Mshika Mfuko Ndani ya Mashua ya Oketch

Watu wa kambi ya shamba la chai husema ukitaka kumtesa Akello, mpe kiti. Atakikalia pembeni tu, kama mtu anayengoja jina lake liitwe, na kabla hujamaliza kumimina chai utamwona amesimama mlangoni, mkono kiunoni, anatazama barabara ambayo haina kitu. Kanisani huketi benchi la nyuma ili mahubiri yakirefuka atoke nje akanyooshe miguu, na mhubiri amezoea, hata hamtazami tena. Chai yenyewe huinywa akitembea. Amezaliwa hivyo, na dawa yake haijapatikana.

Labda ndiyo maana kazi ya mfuko ilimkubali. Siku hizi, katika mashamba makubwa ya upande huu wa Mogogosiek, majani hayachunwi kwa vidole peke yake. Kuna mashine. Watu wawili wanaibeba, mmoja upande huu wa mstari wa michai na mwingine upande ule, nayo inakata majani na kuyapuliza nyuma, ndani ya mfuko mrefu wa kitambaa. Mashine ikinguruma, mfuko unajaa upepo na kufura, unataka kuruka, unataka kupinduka, unataka kwenda zake. Mtu wa tatu ndiye anayeushika mkiani.

Ukitazama kutoka barabarani utaona ni kazi ya mtu mvivu. Ifanye basi. Mkia wa mfuko unakunjwa na kubanwa kwa mikono miwili, na ukiuachia hata kidogo tu, majani yote yanamwagika matopeni na nyapara anakuja na yale maneno yake. Akello ameifanya kazi hiyo miaka mingi na hajawahi kuachia. Mvua ya mawe imempiga kichwani, hakuachia. Siafu wamempanda mguuni mpaka gotini, alilia machozi, hakuachia. Hilo ndilo jambo analojivunia duniani, na kama una nafasi atakusimulia habari ya siafu mwanzo mpaka mwisho.

Anayebeba mashine upande wa juu ni Chepkemboi, mwenyeji wa hapo hapo Konoin, mwanamke mwenye mabega mapana na maneno machache. Ni yeye aliyemfundisha Akello kazi. Siku ya kwanza Akello alivutana na mfuko mpaka akaanguka kifudifudi, na Chepkemboi akazima mashine akamngoja ainuke.

"Usivutane nayo, Mama Maxine," alimwambia. "Hiyo kitu iko na nguvu kukushinda. Upepo ikiongezeka, songa mbele. Ikipungua, rudi nyuma. Tembea nayo."

Tangu siku hiyo Akello hutembea nayo. Mikono haifunguki, miguu haitulii. Ukimwona mstarini, hatua mbili mbele, hatua moja nyuma, utadhani anacheza ngoma ambayo wengine hawaisikii.

Sasa, siku moja katikati ya wiki, wakiwa wamezima mashine wakila viazi chini ya mti wa mgravilea, simu yake ililia. Alikuwa ni Owino, kaka yake, anayeishi kwao ziwani. Owino hapigi simu ovyo. Akipiga, mtu amekufa au ng'ombe amepotea.

"Gwaride la mashua ni Jumamosi," Owino alisema baada ya kuulizana hali. "Niko na Clifford peke yake. Mtu wa kushika kamba ya tanga sina."

"Vijana wako je?"

"Mmoja ako Mombasa, mwingine Qatar. Wamesema wataniombea."

Akello akasimama na kuanza kuzunguka mti. Owino akaendelea. "Ungekuwa na kijana, ningesema umtume."

"Niko na Maxine."

"Maxine ni msichana."

"Na mimi ni nini?"

Akello alisikia kuku wa Owino wakilalamika huko mbali.

"Hiyo ndiyo nimekuwa nikifikiria," kaka yake akasema hatimaye.

Ili ujue kwa nini Akello hakumalizia kiazi chake siku hiyo, lazima nikurudishe nyuma kidogo. Baba yao, Oketch, alikuja huku kwenye chai akiwa kijana, akakaa akichochea moto wa boila ya mvuke kiwandani mpaka akazeeka. Watoto wake walizaliwa kambini, wakajua kuchuna kabla ya kujua kusoma. Lakini Oketch hakusahau maji. Kila likizo aliwapeleka nyumbani ziwani, na huko alimpandisha Owino katika mashua ya babu yao, wakaenda na tanga mpaka wakawa kidoti. Akello alibaki ufuoni kulinda nguo. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Viatu vya baba, shati la Owino, na yeye juu ya jiwe, asiyejua kukaa, amekalishwa.

Alipostaafu, Oketch alirudi kwao na kujitengenezea mashua yake mwenyewe, akaiandika ubavuni jina la mke wake, Elmina, kwa rangi nyekundu. Mama alifurahi, ingawa hakuwahi kuruhusiwa kuikanyaga. Huko ufuoni mwanamke angeweza kuipa mashua jina, kuipikia, kuiombea na kuuza ilichovua, lakini kupanda, hapana, nyavu zingerudi tupu. Nani aliwahi kujaribu ili tujue kama ni kweli, sijamsikia. Oketch akafa, Elmina akamfuata, na mashua ikabaki kwa Owino.

Akello naye hakutulia mahali. Alifanya kazi ya kukamua ng'ombe Kipkelion, akaacha. Akauza dagaa wa omena sokoni Ndanai, akapata mume fundi wa pikipiki na mtoto Maxine, wakakosana, akaacha. Zilipokuja zile ghasia za baada ya uchaguzi alikimbilia kwa Owino na mtoto mgongoni. Huku kwenye chai walikuwa wanamwita mtu wa ziwa. Kufika kule, wake wa jirani wakamwita mtu wa majani chai, wakacheka anavyosema Kijaluo chake, kimechanganyika na Kikipsigis mpaka hakieleweki kilikoanzia. Asubuhi moja aliwaona wanaume wakiisukuma Elmina majini, akaenda akashika ukingo asukume naye. Owino akamtoa mkono, kwa upole, mbele ya watu. Kabla ya mwaka kuisha Akello alikuwa amerudi kwenye chai.

Jambo hilo lilimuuma na bado linamuuma. Ametafuta kwingi mahali pa kuwa, na mahali alipopataka kwa moyo wote ni pale, ndani ya mashua ya baba yake, na pale ndipo alipotolewa mkono.

Basi Alhamisi Owino akapiga tena. Wazee wa ufuo walikuwa wamekaa. Gwaride lile lina sharti moja ambalo haliguswi: kila mashua iendeshwe na watu wa nyumba yake, si vibarua. Mashua za kuvulia siku hizi zote zina injini. Hizi chache za tanga hutolewa mara moja kwa mwaka, zipite mbele ya watu kwa mstari mmoja, ili ionekane nyumba ipi bado ipo. Isiyotokea, au ikatoka mstarini kabla ya kumaliza, hupoteza nafasi yake. Wazee walibishana habari ya mwanamke mpaka mwenyekiti akachoka akasema gwaride si uvuvi, hakuna nyavu zitakazorudi tupu kwa sababu hakuna nyavu.

"Kwa hivyo wamekubali," Owino alisema. "Lakini sikia, Akello. Mimi nimechoka na hii mashua. Ukishika hiyo kamba vizuri, nafasi ni yako, si ya mwaka huu peke yake. Ikitoka mstarini, naipasua. Mke wangu anataka nyumba ya kuku."

"Kushika ndiyo kazi yangu," Akello akamjibu.

Kutoka hapo hakukuwa na amani katika shamba lile. Alifagia nyumba mara mbili, akafua blanketi ambalo lilikuwa safi, akaenda dukani akarudi bila kununua alichoendea. Mstarini alimsukuma Chepkemboi kwa mwendo wake hadi aliyebeba mashine upande wa bonde akaomba wapumzike.

"Wewe hata kuogelea hujui," Chepkemboi alimwambia wakiwa wanamwaga majani kwenye mizani.

"Sikuitwa kuogelea."

"Na ukianguka?"

"Nitaanguka vipi na nimeshika kamba?"

Chepkemboi akakung'uta mfuko. "Sawa. Lakini hiyo kitu si mfuko. Uliza kwanza."

Akello alisikia, lakini hakusikiliza. Tangu lini mtu wa milimani, ambaye maji mengi aliyoyaona ni ya bwawa la shamba, akamfundisha binti ya Oketch habari za tanga? Hivyo ndivyo alivyojiambia. Alisahau kwamba yeye mwenyewe habari zote za tanga alizonazo alizipata akiwa amekaa juu ya jiwe na viatu mapajani.

Jumamosi ilimkuta ufuoni mapema. Mashua zilikuwa zimepangwa mchangani, zimepakwa rangi mpya, matanga yameshonwa kwa vitambaa vya magunia ya sukari na turubai, mengine yana viraka vya kila rangi. Akina mama wa kanisa walikuwa wanaimba. Kulikuwa na hema la wageni na kipaza sauti kilichokuwa kinapiga kelele zaidi kuliko mtu aliyekishika. Elmina ilikuwa ya tatu kutoka mwisho. Jina lilikuwa limepauka, lakini bado lilisomeka.

Clifford, mwana wa baba yao mdogo, alikuwa tayari amekaa katikati ya mashua juu ya magunia ya mchanga. Ni mtu mnene, mcheshi, apimaye samaki ufuoni, na kazi yake katika gwaride ilikuwa kuhamisha magunia upande huu na upande ule ili mashua isilale, na kutoa maji yakiingia.

"Karibu, nyaminwa," alimwambia Akello, maana yake dada yetu. "Leo nikichoka kuhamisha mchanga nitajihamisha mwenyewe."

Akello aliinua mguu akapanda. Ilikuwa hivyo tu, mguu mmoja kisha wa pili. Mbao zilikuwa baridi chini ya nyayo. Hakuna aliyemzuia. Mzee mmoja aligeuka akatazama upande wa hema, lakini hilo nalo ni ruhusa.

Owino alimwonyesha. Kona ya chini ya tanga ilikuwa na kamba, na kamba ile ndiyo ya kushika. "Ukivuta, tanga linakula upepo, tunakimbia. Upepo ukizidi, nitakuambia legeza. Unalegeza hapo hapo, usinijibu. Umesikia?"

"Nimesikia. Mimi si mtoto."

"Kushika si shida. Nataka ujue kuachia."

"Owino, nimeshika kitu chenye upepo kila siku ya kazi tangu Maxine awe darasa la pili."

Kaka yake akaenda nyuma kwenye usukani.

Walitoka kwa makasia, wakingoja upepo wa ziwa uamke. Ulipoamka, matanga yakapandishwa moja baada ya jingine, na Elmina ikapandisha lake, turubai la buluu lenye kiraka cheupe. Akello alivuta kamba. Tanga likajaa. Mashua ikaegemea kidogo na kuanza kwenda, bila injini, bila kelele, maji yakiteta chini ya mbao. Aliwahi kuliona jambo hili mara nyingi kutoka mbali na hakujua kwamba ndani yake kuna ukimya kama huo. Alifurahi. Nalisema wazi kwa sababu yeye mwenyewe hatakuambia, alifurahi mpaka akaogopa kufurahi.

Mstari ukapita mbele ya watu. Kipaza sauti kikataja majina ya mashua, na Elmina ilipotajwa akina mama waliimba kwa sauti zaidi, huenda kwa sababu ya jina, huenda kwa sababu walimwona nani ameshika kamba. Akello hakuwatazama. Mikono yake ilikuwa imebana vizuri, kiwiko karibu na mbavu, kama mstarini. Clifford alimwonyesha kidole gumba. Hata Owino hakuona la kukosoa, na kwa Owino hiyo ni sifa kubwa.

Kazi iliyobaki ilikuwa mwamba. Gwaride huzunguka mwamba ulio mbele ya rasi, wenye weupe wa kinyesi cha ndege, kisha hurudi ufuoni. Upande wa huku kilima cha rasi huzuia upepo. Upande wa kule hakuna cha kuuzuia. Mashua ya mbele yao ilipita mwamba, ikainama mara moja, tanga lake likapigapiga kidogo, ikasimama sawa, ikaenda. Aliyeshika kamba yake alikuwa amelegeza. Akello aliliona hilo kwa macho yake mawili.

Elmina ikapita mwamba, na upepo ukaja.

"Legeza," Owino alisema.

Akello alibana.

Haikuwa ukaidi. Neno alilisikia, akalielewa, akakubaliana nalo kabisa. Lakini kitambaa kilikuwa kimefura na kuvuta, na mikono yake ilikuwa imekwisha kujibu kabla ya kichwa, ikajibu jinsi ilivyojibu miaka yote, mfuko ukivuta wewe bana. Mashua ikalala. Magunia ya mchanga yakateleza, na Clifford akateleza nayo.

"Legeza, Akello."

Alijaribu. Alivitazama vidole vyake na kuviamuru vifunguke, na vidole vikakaza zaidi. Maji yakapanda juu ya ukingo yakaingia, baridi, mengi, mpaka kwenye vifundo vya miguu. Hofu ikamshika, na mtu wa mfuko akishikwa na hofu anafanya nini? Anabana. Owino akaacha usukani kwa mkono mmoja, akachomoa kisu cha kukatia nyavu, akainama mbele yake, akaikata kamba.

Tanga likaruka likilia kama linapigwa. Elmina ikainuka, ikayumba, ikasimama katikati ya maji ikitikisika. Akello alibaki ameshika kipande cha kamba kisichokuwa na kitu mwisho wake. Mashua mbili zilizokuwa nyuma zikawapita, watu waliokuwamo wakiwatazama bila kucheka, na kutochekwa kulimchoma zaidi. Alikuwa amepewa kitu kimoja cha kushika.

Owino akageuza mdomo wa mashua kuelekea upepo ili tanga lisiwaangushe, na tanga likabaki likipigapiga juu ya vichwa vyao. Clifford alijaribu kuikamata kona afunge kamba upya. Kona ikamchapa sikioni, akakaa chini akitoa maneno ambayo akina mama wa kanisa hawakuyasikia. Akaanza kutoa maji.

"Chukua makasia," Owino akamwambia Clifford. Sauti yake ilikuwa imechoka, si ya hasira. "Turudi."

Kurudi kwa makasia ni kutoka mstarini. Kila mtu ndani ya mashua alijua hivyo, na Akello aliona kwa macho yake Elmina imepasuliwa, ubao wenye jina la mama yake umekuwa mlango wa kuku. Aliona pia kwamba hangepewa tena nafasi ya kuharibu.

Akasimama. Kona ya tanga ilikuwa na kijipande cha kamba kilichobaki, kifupi kuliko kidole. Ilipopita juu yake aliidaka, si kamba, kitambaa chenyewe, akaikunja na kuibana kwa mikono miwili kama mkia wa mfuko.

"Wacha hiyo," Owino alisema.

"Geuza mashua."

"Akello, utatuua."

"Geuza."

Sijui kilichomfanya Owino ageuze. Labda sauti ilikuwa ya baba yao. Mdomo wa mashua ukazunguka, upepo ukaingia tangani, kitambaa kikafura na kuvuta, na Akello hakuvutana nacho. Alikwenda nacho. Upepo ulipozidi alipiga hatua kuelekea mlingoti, tanga likapumua, mashua ikabaki wima. Ulipopungua akarudi nyuma hatua, tanga likakaza, mashua ikaenda. Hatua mbili mbele, moja nyuma, ndani ya maji ya vifundo, akikanyaga magunia, akimkanyaga Clifford mara moja na kumwomba radhi bila kumtazama. Mikono haikufunguka. Haikuhitaji kufunguka.

"Kaa chini mtu," Clifford alilalamika. "Kwa mashua watu hukaa."

"Toa maji," Akello akamwambia.

Owino alikuwa anaitazama miguu ya dada yake ikienda na kurudi, na kila Akello alipopiga hatua yeye aligeuza usukani kidogo kumfuata, mpaka baada ya muda hakukuwa na haja ya kuambiana. Penye upepo mwingi alijua kwa miguu ya Akello kabla ya kuhisi usoni. Mara mbili upepo uliwapiga vibaya, na mara ya pili Akello alipiga hatua nyingi hadi bega likagonga mlingoti, lakini Elmina haikulala tena. Waliukuta mkia wa mstari karibu na ufuo. Wakapita mbele ya hema wa mwisho kabisa, wameloa, tanga limekunjika, mwanamke amesimama katikati anatembeatembea kama aliyepoteza kitu. Kipaza sauti kilikuwa kimeanza kutangaza chakula. Kikanyamaza, kikataja Elmina, kikaendelea na chakula.

Lakini walikuwa mstarini.

Mashua iligusa mchanga na vijana wakaja kuivuta. Clifford aliteremka kwanza akishika sikio. Akello hakuweza kuachia kitambaa. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, na Owino ndiye aliyekuja akavifungua kimoja kimoja, taratibu, kama mtu anayemvua mtoto glavu. Viganja vilikuwa vimechubuka. Machozi yalikuwa yanamtoka Akello na hakuyaficha, maana mikono ya kuyafutia ilikuwa imeshikwa na kaka yake.

Njiani kote kutoka kwenye mwamba alikuwa ametayarisha maneno. Alijua Owino atasema kwamba nusura awazamishe, na alikuwa na jibu. Alijua atasema habari ya kuku, na kwa hilo pia alikuwa na jibu, kali zaidi.

Owino alimaliza kidole cha mwisho. Akakamua maji kwenye shati lake, akitazama tanga, akitazama usukani, akitazama kila kitu isipokuwa yeye.

"Kamba haikufai," akasema. "Wewe huachii."

Akello alifungua mdomo.

"Usukani ndio hauachiwi," Owino akaendelea. "Mwaka ujao utakaa huko nyuma. Kamba nitashika mimi."

Majibu yote aliyoyatayarisha yalikuwa hayana kazi tena. Alitazama ile nafasi ya nyuma, ubao mdogo uliolainika kwa kukaliwa na baba yake na kisha na kaka yake, akatafuta neno la kusema na lililokuja si la shukrani, maana yeye hayuko hivyo.

"Na nikisema legeza," akamuuliza, "utalegeza?"

Owino alimtazama sasa, usoni, kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Nitalegeza," akasema.